Mtoto wa miezi saba ataishi? Inategemea wodi

Mdogo wangu alijifungua mimba ikiwa na wiki 29. Mtoto alikuwa na gramu 1,150, zaidi kidogo ya pakiti ya sukari ya kilo moja. Kabla hata hajafikishwa wodi ya njiti, mama mkwe wake alikuwa ameshatoa neno la faraja: "Afadhali huyu wa miezi saba. Angekuwa wa minane tungelia." Nilimwitikia tu, "Ndiyo mama," maana haikuwa saa ya ubishi. Lakini maneno yale yamenikaa kichwani miaka yote hii, kwa sababu yamebeba swali ambalo kila familia huliuliza mlangoni mwa NICU, yaani wodi ya uangalizi maalumu wa watoto wachanga, na majibu yake huja yamevurugika: huyu mtoto ataishi?

Nimesoma sana tangu wakati ule, na nimekaa kwenye mabenchi ya wodi kuliko nilivyopenda. Nilichokielewa ni kwamba ile asilimia ya kuishi anayotajiwa mzazi haikai ndani ya mtoto. Inakaa mahali alipozaliwa, kwenye saa aliyofikishwa na kwenye mikono iliyompokea. Shirika la Afya Duniani hulieleza hivi: katika nchi maskini, zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hufa ndani ya siku chache; katika nchi tajiri wanaokufa hawafiki asilimia 10. Mwili ni ule ule, umri ule ule. Kilichobadilika ni kinachomzunguka.

Tuanze na hiyo miezi, maana ndiko mkanganyiko unakoanzia. Hospitali huhesabu wiki, kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mimba iliyotimia ni wiki 40, na anayezaliwa kabla ya wiki 37 ni njiti. Ukigawa kwa wiki nne nne, wiki 28 ni miezi saba. Lakini kwa hesabu hiyo mimba nzima ingekuwa miezi kumi, na hakuna anayesema hivyo. Ukienda kwa kalenda, miezi saba ni wiki 30 na siku kadhaa. Kwa hiyo wanawake wawili wakisema "nilijifungua wa miezi saba", huenda mmoja anazungumzia wiki 28 na mwenzake wiki 31. Kwa mapafu ya mtoto, wiki hizo tatu ni umri mzima.

Na yule wa miezi minane? Ana nafasi kubwa kuliko wa saba. Kila siku anayoongeza tumboni inamsogeza mbele. Imani kwamba wa saba hupona na wa nane hufa ni ya kale mno. Wagiriki wa enzi za Hippocrates walikuwa nayo. Nadhani imedumu kwa sababu wa miezi saba akipona husimuliwa miaka arobaini, na wasiopona huzikwa kimya kimya. Wa miezi minane ni kinyume chake. Ana mashavu, anaonekana mtoto wa kawaida, anawekwa kando ya mama yake, kumbe hanyonyi kwa nguvu, sukari inashuka, manjano yanapanda na hakuna anayemtazama kwa karibu. Akifa, mtaa mzima unashtuka.

Mguno

Kuna mtoto mmoja wa karibu miezi minane ambaye kifo chake kiliandikwa duniani kote. Tarehe 7 Agosti 1963, Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani, alijifungua mtoto wa kiume, Patrick, katika hospitali ya kambi ya jeshi la anga huko Massachusetts. Mimba ilikuwa na wiki 34 na nusu, mtoto alikuwa na kilo 2.1. Kilo mbili na ushei! Kwenye wodi zetu leo mtoto wa uzito huo ndiye jirani anayetamaniwa. Muda mfupi baada ya kuzaliwa akaanza kuhema kwa shida. Wakamkimbiza Boston, wakaita mabingwa, wakamwingiza kwenye chumba maalumu chenye oksijeni ya mgandamizo mkubwa. Alifariki baada ya saa 39. Baba yake alikuwa palepale hospitalini, rais wa nchi yenye fedha na wataalamu, na hakukuwa na cha kununua wala cha kuamuru.

Kilichomuua kilikuwa kimeshaelezwa miaka minne kabla. Mwaka 1959 daktari Mary Ellen Avery, akishirikiana na Jere Mead, alionyesha kuwa mapafu ya watoto hawa yamepungukiwa kitu kimoja, utelezi wenye mafuta uitwao safaktanti. Chukua mfuko wa nailoni uliolowa ndani, uminye hewa yote itoke, kisha jaribu kuupuliza. Kuta zimegandana. Ndivyo vilivyo vifuko vya hewa vya pafu changa: kila mtoto anapotoa pumzi vinajifunga na kunatana, na kila anapovuta anaanza upya kazi ya kuvibandua. Safaktanti hufanya kazi kama sabuni kwenye maji hayo. Inalegeza ule mnato, vifuko vinabaki wazi kidogo hata pumzi ikitoka. Watoto wengi huwa nayo ya kutosha mimba inapofika kama wiki ya 35. Asiye nayo anavuta kila pumzi kwa kazi ya mtu mzima anayepanda mlima, hadi anachoka. Oksijeni inaweza kuwapo tele chumbani na bado uchovu ukamuua.

Ukisimama karibu utaiona kazi hiyo kwa macho. Mbavu zinabonyea ndani, matundu ya pua yanatanuka, na kila anapotoa pumzi anatoa mguno mdogo, kama mtu aliyejitwisha gunia. Mama wengi hufikiri analia. Mguno ule ni mtoto anajibana koo ili hewa isitoke yote, vifuko visijifunge. Anajitibu mwenyewe.

Mwaka 1971, huko San Francisco, George Gregory na wenzake walichapisha njia ya kumsaidia mtoto kufanya kile alichokuwa akikitafuta kwa mguno. Wanaiita CPAP, na ile ya mapovu inayotumika kwenye wodi nyingi za Afrika ni kifaa rahisi kiasi cha kukutoa machozi. Hewa iliyochanganywa na oksijeni inaingia puani kwa vijirija viwili laini. Upande wa pili mrija mwingine unatoka na ncha yake inazamishwa ndani ya chupa ya maji, sentimita tano au sita. Hewa haiwezi kutoka mpaka isukume maji ya kina hicho, kwa hiyo mgandamizo uleule unabaki kwenye mapafu usiku na mchana. Hewa inayozidi inatoka kwa mapovu, na hiyo ndiyo sauti ya wodi: blup, blup, blup, kama chungu cha maharage kwenye moto mdogo.

Nesi wa zamu alimwelekeza mdogo wangu usiku wa kwanza. "Mama, ile mashine ya namba niachie mimi, utaumwa kichwa bure. Wewe sikiliza chupa. Mapovu yakikoma, niite." Mapovu yakikoma maana yake hewa inavuja mahali: kijirija kimechomoka puani, mdomo umeachama, au mrija umekunjika. Usiku wa pili yalikoma mara tatu. Nesi alikuwa na watoto wengine chumba kizima, na mara zote tatu aliyesikia ukimya ni mama.

Katika Hospitali ya Queen Elizabeth, Blantyre, nchini Malawi, walijaribu CPAP ya mapovu ya bei nafuu iliyobuniwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Kati ya watoto 62 waliowekewa, walipona 44, yaani asilimia 71. Kati ya 25 waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani, walipona 11, asilimia 44. Ni utafiti mdogo na watoto hawakugawanywa kwa kura, lakini nenda kaulize wauguzi wowote ambao wodi yao ilipata kifaa hicho baada ya kuishi bila nacho.

Safaktanti yenyewe siku hizi inapatikana kama dawa. Mjapani Tetsuro Fujiwara aliwapa watoto 10 iliyotokana na mapafu ya ng'ombe, akachapisha mwaka 1980. Tatizo ni bei: kichupa kimoja hufikia mamia ya dola, na kuidondosha mapafuni kunahitaji mkono uliozoea. Kwa hiyo kwetu mzigo mkubwa umebebwa na ile chupa ya maji.

Baridi ya Dar es Salaam

Mtu wa Dar ukimwambia mtoto alikufa kwa baridi anakushangaa. Nje nyuzi 32, jasho linatiririka. Lakini fikiria ametoka wapi. Ametoka penye nyuzi 37, amelowa mwili mzima, hana mafuta chini ya ngozi, kichwa chake ni kikubwa kuliko kiwiliwili kinavyostahili, na chumba cha upasuaji kina kiyoyozi. Dakika chache zinatosha. Joto lake linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5. Utafiti wa hospitali za Marekani uliochapishwa mwaka 2007, kwa watoto wenye uzito mdogo sana, ulikuta kwamba kwa kila nyuzi moja iliyopungua mtoto anapoingia wodini, uwezekano wa kufa ulipanda kwa asilimia 28. Hapo ndipo kofia ya sufu, soksi na mfuko safi wa plastiki anaotumbukizwa mwili mara tu anapotoka vinapokuwa vifaa vya uangalizi maalumu sawa na mashine yoyote. Safari ya mita mia kutoka leba hadi wodi ya watoto, mtoto amezungushiwa khanga iliyolowa, inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

Inkubeta zilianza kwa ajili hiyo. Miaka ya 1880 daktari Stéphane Tarnier wa Paris alichukua wazo kutoka mashine ya kutotolea vifaranga. Tangu hapo sanduku la kioo limekuwa ndiyo picha ya kuokoa njiti, na ndilo wafadhili wanalopenda kukabidhi mbele ya kamera. Sina ugomvi na inkubeta. Lakini umeme ukikatika inageuka sanduku baridi, kipuri kikiharibika inageuka kabati, na watoto wawili au watatu wakilazwa ndani ya moja, kijidudu cha mmoja ni cha wote.

Hali hiyo ndiyo aliyoikuta Edgar Rey Sanabria, daktari wa watoto wa Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Watoto wamebanana, maambukizi yamezidi, inkubeta hazitoshi. Akawafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Kwa miaka mingi huduma hiyo, iitwayo ya kangaroo, ilionekana dawa ya maskini, ya kumpa mtoto ambaye ameshatulia. Mgonjwa sana aliachwa kwenye inkubeta, mama akasubiri nje.

Swali la nini kingetokea kama mama asingesubiri lilijibiwa mwaka 2021. Utafiti ulifanyika katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 waliozaliwa na uzito kuanzia kilo moja hadi chini ya kilo 1.8. Kundi moja lilibebwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, hata kabla hali haijatulia, na kitanda cha mama kikaingizwa ndani ya wodi ya uangalizi. Kundi la pili lilifuata utaratibu wa zamani. Wakiwa kwenye uangalizi, wa kwanza walikaa kifuani karibu saa 17 kwa siku. Wa pili, saa moja na nusu. Ndani ya siku 28, asilimia 12.0 ya kundi la kwanza walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 15.7 ya kundi la pili. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa faida ilikuwa wazi na haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadilisha mwongozo wake: kifua cha mama kwanza.

Nimeisoma ripoti ile mara nyingi, na kinachonigusa zaidi ni kile kitanda. Maana yake wodi inatakiwa ijengwe upya ili mama awe na pa kulala, choo na chakula humo humo, wakati sehemu nyingi bado mama anaingia kwa saa za kulisha kisha anarudi kulala sakafuni kwenye korido. Inahitaji pia mwajiri asiyemwita kazini. Tanzania Bara ilirekebisha sheria ya kazi mwaka 2025 ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo.

Mdogo wangu alifundishwa kumfunga mtoto siku ya sita. Kifua wazi, mtoto kavaa nepi na kofia tu, amesimamishwa katikati ya matiti, kichwa kimegeuzwa pembeni ili koo lisibanwe, miguu imekunjwa kama ya chura, kisha khanga inazungushwa na kukazwa. Nesi akapenyeza kidole chini ya khanga kuhakikisha tumbo la mtoto lina nafasi ya kupanda na kushuka. Baada ya robo saa hivi zile namba za mapigo ya moyo, zilizokuwa zikirukaruka tangu asubuhi, zikatulia.

Kuhusu maziwa nitasema machache, ingawa ndiyo yaliyomliza mama kuliko kitu kingine. Mtoto wa umri huu hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Analishwa kwa mrija unaopita puani hadi tumboni, mililita mbili au tatu kwa wakati, kwa bomba la sindano. Dang'a, yale maziwa ya mwanzo ya njano, hata yakipatikana matone, ni kinga, na maziwa ya mama humpunguzia njiti hatari ya utumbo kuoza. Uzito utashuka wiki ya kwanza. Mama akiona gramu 1,150 zimekuwa 1,060 anadhani mtoto anakwisha. Ni maji yanapungua, ni kawaida, na anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajaiona mizani. Pale ambapo mama ni mgonjwa au amefariki, maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa moto kitaalamu yanaokoa, na hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, ina benki ya maziwa hayo tangu mwaka 2019.

Dawa inayopofusha

Jambo gumu zaidi kulieleza kwa ndugu waliosimama nje ni kwamba katika wodi hii kinachoponya ndicho kinachodhuru, kikizidi. Miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 hospitali bora za nchi tajiri ziliwapa njiti oksijeni nyingi bila kipimo. Ilionekana ni ukarimu. Watoto wapatao 10,000 walipofuka, kwa sababu oksijeni iliyozidi huvuruga mishipa ya damu inayoendelea kukua nyuma ya jicho. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa njiti mwaka 1950, ni mmoja wao. Baada ya kugundua, madaktari wakaibana oksijeni kupita kiasi, na watoto wakaanza kufa na kupooza. Ilichukua miaka kupata njia ya katikati, na leo kiwango cha oksijeni katika damu ya njiti anayepewa oksijeni hushikiliwa kati ya asilimia 90 na 95 kwenye kile kipimo chenye taa nyekundu kinachofungwa mguuni. Kwa hiyo ukimwona nesi anapunguza oksijeni ya mtoto wako, asimame mtu amshike mama mkono na amweleze. Anaokoa macho.

Vijidudu navyo. Kila mrija unaopita kwenye ngozi ni mlango. Bakteria aitwaye Klebsiella, ambaye hupenda masinki na mikono yenye unyevu, ameshajifunza kuzishinda dawa nyingi zinazopatikana kwenye wodi zetu. Mtoto aliyevuka wiki mbili za mapafu anaweza kuondoka kwa siku moja kwa sababu ya mkono usionawa. Bibi anayekatazwa kuingia hanyanyaswi.

NICU vilevile si ya njiti peke yao. Kuna mtoto mkubwa wa kilo tatu na nusu, mimba imetimia, ambaye leba ilichelewa akatoka hajalia. Kwetu tunasema amezaliwa amechoka. Huyu hupotea au huponea ndani ya dakika ya kwanza, mbele ya mkunga mwenye kitambaa cha kumsugulia, mfuko wa kumpulizia hewa na barakoa ndogo. Tanzania iliwafundisha wakunga wa hospitali nane jambo hilo hilo, na ripoti iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha vifo ndani ya saa 24 vimepungua kwa asilimia 47. Watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu nao walipungua kwa asilimia 24. Hiyo ya pili ndiyo inayonishika roho. Inaashiria kuwa baadhi ya walioandikwa wafu, miaka yote ya nyuma, moyo ulikuwa bado unadunda.

Asilimia ya nani?

Sasa turudi kwenye namba. Utasikia "hospitali yetu tunaokoa asilimia 90". Uliza: asilimia 90 ya nani? Utafiti wa hospitali kubwa za Marekani kwa watoto waliozaliwa kati ya 2013 na 2018 unaonyesha vizuri. Waliozaliwa hai wakiwa na wiki 22, waliofika nyumbani ni asilimia 10.9. Lakini ukiwahesabu wale tu ambao madaktari waliamua kuwapigania kwa matibabu, ni asilimia 30.0. Namba zote mbili ni za kweli, hospitali ni zile zile. Ya pili haikuwahesabu ambao hawakuanzishiwa matibabu. Katika wiki 28 swali hilo karibu linatoweka, kwa sababu kila mtoto anapiganiwa, na waliopona walikuwa asilimia 94.0.

Kwetu mchujo huo hutokea bila kupangwa. Mtoto aliyefia leba hakuandikishwa wodini, kwa hiyo hayumo. Aliyefia kwenye gari la wagonjwa kati ya kituo cha afya na mkoani hayumo pia. Hospitali inayopokea rufaa nzito kutoka wilaya tano itaonekana inaua kuliko hospitali binafsi inayochagua, na huenda ndiyo yenye wauguzi hodari zaidi. Aliyeruhusiwa na kilo 1.4 akafia nyumbani wiki ya pili anabaki kwenye daftari kama aliyepona. Sisemi hayo kumlaumu anayejaza daftari. Nasema kwa sababu wazazi wanafanya uamuzi wa kumhamisha mtoto kwa namba hizi, na kumhamisha njiti ni hatari yenyewe.

Mahali hubadilisha hata maana ya dawa. Chukua sindano ya kukomaza mapafu, anayochomwa mama mwenye dalili za kujifungua mapema. Ilianzia kwa kondoo: Graham Liggins huko Auckland, New Zealand, alimwona mwanakondoo aliyezaliwa mapema mno na bado akapumua. Yeye na Ross Howie waliwajaribu akina mama 282, na mwaka 1972 wakachapisha kwamba vifo vya siku za mwanzo vilikuwa asilimia 3.2 kwa waliochomwa na 15.0 kwa wasiochomwa. Ikawa kama muujiza, na ikaonekana ipelekwe hadi zahanati ya mwisho. Utafiti uliofanyika katika jamii za nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, ulitoa majibu mwaka 2015, na vifo vya watoto vikawa vimeongezeka. Akina mama wengi walichomwa bila kuhitaji, umri wa mimba haukujulikana vizuri, na waliozaliwa hawakuwa na wodi ya kuwapokea. Mwaka 2020 jaribio jingine, Kenya ikiwamo tena, likatumia sindano ile ile ndani ya hospitali tu, zenye kipimo cha kujua umri wa mimba na huduma kwa mtoto. Vifo vikashuka kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6.

Na yule mtoto mkubwa aliyechoka? Ulaya na Marekani hupoozwa mwili, yaani joto lake hushushwa, hadi karibu nyuzi 33 na nusu kwa siku tatu ili ubongo upone, na humsaidia. Tiba hiyo hiyo ilipojaribiwa India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo ya mwaka 2021 yalionyesha waliopoozwa walikufa asilimia 42, na wasiopoozwa 31. Kwa hiyo ndugu aliye ughaibuni anapopiga simu usiku kuuliza "kwa nini hawamfanyii kama huku?", wakati mwingine daktari asiyefanya ndiye aliyesoma.

Kitu ambacho hakina shaka popote ni muuguzi. Uingereza mwongozo unataka muuguzi mmoja kwa mtoto mmoja aliye mahututi. Kwenye wodi zetu za umma si ajabu mmoja kuwa na zaidi ya kumi, na kila mmoja ana mrija, dawa ya saa, maziwa ya kila saa mbili na joto la kupimwa. Ukipiga hesabu, saa haitoshi hata asipokaa chini kabisa. Nchini Tanzania vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 kwa kila 1,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015-16 hadi 43 katika ule wa 2022. Vifo vya ndani ya mwezi wa kwanza vilitoka 25 hadi 24. Chanjo na vyandarua vimefanya kazi yao kwa watoto wakubwa. Hawa wa siku 28 za kwanza wanangoja watu. Mashine ya CPAP hufika ikiwa kwenye boksi, lakini wa kusikia mapovu yamekoma anahitaji mshahara.

Mtoto wa mdogo wangu aliruhusiwa akiwa na gramu 1,820, ananyonya mwenyewe, joto linakaa. Tulitaka kuondoka haraka kabla mtu hajabadilisha mawazo. Yule nesi wa mapovu akatusimamisha mlangoni, akafungua kadi na kuandika tarehe nyingine kwa kalamu nyekundu: kliniki ya macho. Macho ya njiti mdogo kiasi hicho huanza kukaguliwa akiwa na kama wiki nne tangu azaliwe, na madhara ya oksijeni yakikutwa mapema yanatibika, yakichelewa hayatibiki. "Huyu hajamaliza," akasema. "Masikio pia, na mwendo wake mpaka atembee. Msije mkaniletea habari kwamba mlisahau." Akamvuta mtoto kofia ikafunika masikio, akarudi ndani.